Kisa cha Elantra ya Mwalimu iliyokuwa inazima Jogoo Road

Wacha niandike hii story yote kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu nimeona watu wakimaliza pesa na tatizo kama hili na nikiulizwa kwa simu naeleza nusu nusu halafu haieleweki.

Gari ni Hyundai Elantra ya 2005, petroli, 1.6, gia za mkono, namba bado ni ya KA, zile za zamani, na imetembea kilomita 213,000 na kidogo. Mwenyewe ni jirani yangu hapa Donholm, Nairobi, mwalimu mstaafu, na ploti nzima tunamwita Mwalimu tu. Mkewe, ambaye sisi wote tunamwita Mama, huenda kliniki kila Jumanne asubuhi, na magoti yake hayawezi kupanda matatu saa hizo watu wanasukumana. Kwa hivyo hiyo gari ndiyo miguu ya Mama, na ikikwama Jumanne ni mambo mazito.

Shida ilianza hivi. Gari inatoka Donholm vizuri, inaingia Jogoo Road, jam inaishika kuanzia Makadara, inasota hapo nusu saa ama dakika arobaini, halafu injini inazima mara moja kama mtu amezungusha ufunguo. Haitetemeki, haikohoi, haitoi moshi. Ukijaribu kuiwasha stata inazungusha injini na nguvu zote lakini haiwaki, ukikaa dakika ishirini ama ishirini na tano boneti ikiwa wazi inawaka kama hakuna kilichotokea. Siku mbaya zaidi ilizima katikati ya raundabauti ya City Stadium, Mama yuko ndani, magari yanapiga honi pande zote, Mwalimu ameshuka anasukuma peke yake mpaka makanga wawili wakaruka kutoka kwa matatu wakamsaidia kuitoa barabarani. Alinihadithia hiyo siku sauti imepungua. Mtu amefundisha watoto miaka thelathini na zaidi, hafai kuwa anasukuma gari kwa raundabauti.

Sasa sikiza vile pesa ilienda. Fundi wa kwanza alikuja ikiwa imezima, akazungusha ufunguo, akaweka sikio kwa tangi, akasema pampu ya mafuta haisukumi. Na hakudanganya, kweli ilikuwa haisukumi! Pampu mpya 7,500, kazi 1,500. Wiki mbili baadaye ikazima tena. Wa pili akatoa plagi moja, akaigusisha kwa injini akazungusha stata, hakuna cheche, akasema gari haina karenti, hizi ni plagi na waya zake. Hizo 4,800 na kazi 500. Ikazima tena, huyo huyo akarudi na koili ya mtumba, ile inayotengeneza umeme wa cheche, ya 4,500. Halafu siku ya raundabauti ikabidi brekidauni ya kuivuta, 3,500. Wa tatu alikuwa na skana, mashine ya kusoma makosa kwa kompyuta ya gari, angalau huyo alitafuta ushahidi, akapata kodi ya kosa P0335, akasema sensa ya krenki, ile inayosoma kuzunguka kwa injini, imekufa, na mimi ningekuwa hapo siku hiyo pengine ningemuunga mkono. Sensa 3,800, kazi 1,500. Siku nne gari ikatembea vizuri Mwalimu akafurahi, siku ya tano ikazima kwa jam ya Hamza. Ukijumlisha hiyo yote ni 27,600 na ugonjwa uko palepale. Ndipo huyo wa tatu akasema imebaki kitu moja tu, kompyuta ya gari, na akatafuta ya mtumba kwa 35,000. Mwalimu akaja kwangu jioni hiyo kuniuliza kama hiyo bei ni ya haki.

Mimi si fundi wa magari. Kazi yangu ni stima za nyumba, lakini waya ni waya, na kwa nyumba nimejifunza kwamba taa ikizimika unaweza kuwa na balbu nzima, swichi nzima, na shida iko ndani ya ukuta mahali mtu wa tailsi alipiga msumari. Nikamwambia Mwalimu asilipe mtu yeyote chochote hadi Jumapili.

Kitu cha kwanza sikufungua boneti, nilimkalisha chini nikamuuliza maswali. Nikamuuliza, Mwalimu, ikizima ukiwa unatembea, ni mshale gani unaanguka kwanza kwa dashibodi? Akafikiria, akasema, kijana wangu, siku ile nateremka pale karibu na Hamza gari ikiwa gia ya tatu, mshale wa raundi za injini ulianguka hadi sifuri nikiwa bado nateremka, halafu ndio taa zikawaka. Hapo nikajua tumeshika kitu. Kwa sababu gari ikiwa kwa gia na inateremka, magurudumu yanaizungusha injini hata kama haichomi mafuta, kwa hivyo raundi bado ziko. Mshale ukianguka hadi sifuri wakati injini bado inazunguka, maana yake kompyuta imeacha kuona kuzunguka. Imekuwa kipofu kabla injini haijazima, na hiyo ndiyo imeizima.

Hapa ndipo nataka watu wakae kidogo, kwa sababu ndipo kila mtu alipotea. Sensa ya krenki ndiyo inaambia kompyuta injini inazunguka, kwa kasi gani, na pistoni ziko wapi. Bila hiyo habari kompyuta haijui itoe cheche saa ngapi wala ifungue injekta za kupuliza petroli saa ngapi, kwa hivyo inakata zote mbili, na inakata na relei ya pampu pia, yaani swichi yake ya umeme, kwa usalama, ili gari ikianguka ama ikigongwa pampu isiendelee kumwaga petroli. Sasa fikiria fundi amekuja akute hiyo hali. Akisikiza pampu, imenyamaza. Akiangalia plagi, hakuna cheche. Akiwa na wazo la pampu atanunua pampu, akiwa na wazo la karenti atanunua koili, na kila mmoja ameona kitu cha kweli kwa macho yake. Lakini pampu kunyamaza NA cheche kukosa kwa wakati mmoja, hiyo ni alama ya kitu kimoja kilicho juu ya zote mbili. Kama ni pampu peke yake ingekuwa imekufa, cheche zingekuwepo. Hakuna hata mmoja alichukua dakika tano kupima zote mbili kwa pamoja, na kwa maoni yangu hapo ndipo 18,800 za kwanza zilienda, hata kabla ya brekidauni.

Na ile P0335, huyo wa tatu aliisoma kama imeandikwa sensa mbovu. Haisemi hivyo. Inasema sakiti ya sensa ya krenki iko na shida. Sakiti ni sensa, na plagi yake ya kuchomekea waya, na waya zinazotoka hapo hadi kwa kompyuta, na kompyuta yenyewe mwisho. Yeye akabadilisha ncha moja, ikakataa, akaruka hadi ncha ile nyingine ya 35,000, katikati hakugusa. Mimi katikati ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Jumapili tukaanza asubuhi injini ikiwa baridi. Nilikuwa nimenunua kile kiskana kidogo cha kuchomeka chini ya usukani kinachoongea na simu, 1,200 pale tao, na kwa mtu mwenye gari ya zamani naona hiyo ni pesa nzuri kuliko stika yoyote. Nikaweka simu ionyeshe raundi na joto la maji. Tukaiacha injini inguruma ndani ya ploti boneti imefungwa, Mwalimu ameketi kwa kiti na gazeti, na baada ya dakika arobaini na kitu ikazima. Nikazungusha stata huku naangalia simu. Raundi sifuri. Injini inazunguka, naisikia, hata gari inatikisika, na simu inasema sifuri. Nilimuita Mwalimu aone kwa macho yake, kwa sababu pesa ilikuwa imetoka kwake.

Tukaiacha ipoe hadi saa nane mchana. Sasa swali ni sensa ama waya? Ningeweza kukisia, lakini kukisia ndiko kulikotufikisha hapa. Binti wa Mwalimu ako na saluni hapo chini kwa ghorofa, tukaomba blodraya. Wazo ni hivi, kama joto ndilo linaleta ugonjwa, basi injini ikiwa baridi nipashe joto kitu kimoja kimoja nione ni kipi kinaizima. Nikawasha gari, nikapuliza sensa yenyewe dakika tano kamili. Haikujali. Nikapuliza plagi ya sensa, dakika zingine tano, bado inanguruma tu. Nikafuata waya kidogo kidogo kwenda juu na tochi mdomoni, na nilipofika pale inapopita nyuma karibu na ekzosi, hata kabla sijapuliza nikaona. Hiyo waya ilikuwa imefungwa na bindingi waya, ile ya kufungia vyuma za ujenzi, imekazwa kwa kipande cha chuma karibu kabisa na ekzosi. Klipu yake ya kiwandani ya kuishikilia mbali haikuwepo, tundu tu limebaki. Nikapuliza hapo. Kama dakika tatu hivi, mshale ukaanguka, injini ikazima. Tukangoja, ikawaka, nikapuliza tena, ikazima. Mara ya tatu Mwalimu mwenyewe ndiye alishika blodraya.

Nikamuuliza, nani aliwahi kufungua huku chini? Akasema 2022 klachi ilibadilishwa, giaboksi ikashushwa. Basi. Ukishusha giaboksi hizo waya lazima uzisongeze, na aliyerudisha hakurudisha klipu, akafunga na kilichokuwa mkononi. Pengine klipu ilivunjika, plastiki ya miaka kumi na saba huvunjika ukiigusa tu, simlaumu kwa hiyo. Ninamlaumu kwa kuikaza kando ya chuma cha moto na kutomwambia mwenye gari. Ilichukua kama miaka miwili ule mpira kuiva polepole, ndiyo maana hakuna mtu aliunganisha klachi na kuzima.

Nikatoa terminali ya betri nikakata ule ukanda mweusi wa juu. Ndani waya za sensa zimevikwa wavu wa shaba nyembamba, huo wavu umeunganishwa na bodi ya gari ili kelele za koili na altaneta zisiingie kwa ishara ya sensa, ambayo ni ndogo sana. Mpira wa ile waya ya ishara ulikuwa umepasuka na kulainika hapo kwa bindingi waya. Ikipata joto inalegea inaegemea wavu, ishara yote inaingia bodi, kompyuta inakuwa kipofu. Ikipoa inajiondoa. Nilipima na mita, baridi hakuna mgusano kabisa kati ya ishara na bodi, nikapasha joto mita ikalia. Na hiyo pia ndiyo sababu sensa mpya iliwapa siku nne nzuri. Fundi alipoingiza mkono kuibadilisha aliisongeza hiyo waya kidogo bila kujua, ikakaa vizuri kwa muda, halafu mtikiso ukairudisha.

Matengenezo yenyewe ni mafupi kuliko hii hadithi. Nilikata kile kipande kibovu, kama sentimita kumi na mbili, nikaweka waya mpya ya unene ule ule, nikaunganisha na solda si kwa kusokota, kila moja na mpira wake wa kubana kwa joto, nikarudisha wavu na kuuacha ushike bodi upande mmoja tu vile ulikuwa, halafu juu nikaivisha ile bomba ya plastiki yenye mikunjo, na nikaitafutia njia mpya mbali na ekzosi, nimeishika na klipu za gari sio kamba. Vitu vyote 450. Mwalimu alitaka kunilipa nikakataa, Mama akanipikia chapati na kuku na hiyo sikuikataa.

Halafu nikafanya kitu ambacho Mwalimu hakupenda mwanzoni. Nilirudisha ile sensa ya zamani, alikuwa ameiweka kwa kikopo. Nilitaka kujua kama iliwahi kuwa mbovu. Aliendesha nayo siku mbili, akapita Jogoo Road saa za jam makusudi, haikuzima hata mara moja. Kwa hivyo ilikuwa nzima wakati wote. Nikairudisha mpya kwa sababu ishanunuliwa, na ile ya kiwandani nimeifunga vizuri iko buti, siku moja itamfaa mtu.

Kuhusu spea nitasema kidogo kwa sababu hapo pia wenye gari za Kikorea tunaumia. Hapa Kenya tunaendesha kushoto na usukani uko kulia, Korea usukani uko kushoto, kwa hivyo zile gari kuukuu za kwao haziji kwetu vile za Japani zinajaa, na bila gari kuukuu hakuna mlima wa spea za mtumba. Grogan, pale Nairobi kwa spea za mtumba, utapata mlango wa Toyota ya mwaka wowote, wa Elantra utazunguka siku nzima. Lakini kuna njia. Hyundai ilichukua Kia mwaka wa 1998 na tangu hapo vitu vingi wanashiriki, kwa hivyo usiulize tu spea ya Elantra, uliza kwa namba. Namba zao huwa na herufi na tarakimu kumi kwa jumla, na tano za kwanza zinasema ni kitu gani. 39180 ni sensa ya krenki, iwe ya Hyundai ama Kia. Tano za mwisho ndizo zinasema ni ya injini gani, na hapo lazima zilingane. Nenda Kirinyaga Road na spea ya zamani mkononi namba ikisomeka, hutauziwa ya gari nyingine kwa kuambiwa zinafanana.

Kuna jambo lingine kiskana kilituonyesha ambalo hatukuwa tunalitafuta. Asubuhi nikiwa na Mwalimu Outering Road, barabara iko wazi, joto la maji lilikuwa 66, 68, halipandi. Kwa hii injini thamostati, ile inayozuia maji yasiende rejeta mpaka injini ipate moto, huanza kufunguka kwenye 82. Nikafungua pale, ganda liko, thamostati yenyewe haimo, mtu aliitoa. Mafundi wengi hapa wanaitoa wakisema Afrika ni joto, gari itachemsha. Naelewa wanachoogopa, Nairobi tuko juu karibu mita 1,795 na sufuria ya maji hapa huchemka kwa kama digrii 94, lakini ndani ya rejeta si sufuria, kifuniko kinabana presha na maji yanavuka 100 bila kuchemka. Bila thamostati kompyuta inadhani injini haijapata moto, inazidisha petroli safari nzima. Mwalimu alikuwa analalamika gari inakunywa, akidhani ni uzee. Thamostati 1,200, kulanti badala ya maji ya mfereji, na kifuniko kipya kwa sababu raba ya ile ya zamani ilikuwa imekauka. Sasa inakaa 85 hadi 90, na kwa jam feni inawaka inaishusha.

Gari ikipata moto wa kawaida sasa ni moto zaidi kuliko mwezi uliopita, na nilikuwa na wasiwasi kidogo kwa ile waya. Jumanne ya kwanza nilienda nao. Tulishikwa Makadara saa moja kasoro, tukapita Hamza, City Stadium tukasimama kabisa dakika kumi na tano, mshale wa raundi umetulia pale chini ya elfu moja na mimi naangalia huo mshale tu. Mama alikuwa anaongea habari za mjukuu wake, hakuwa anaangalia dashibodi kabisa.

Kilichobaki ni taimingi belti, ule mkanda unaofanya valvu ziende sawa na pistoni. Hakuna risiti, hakuna stika, Mwalimu hakumbuki kama imewahi kubadilishwa tangu ainunue 2014, na hii injini belti ikikatika valvu zinagongana na pistoni, hapo ni kufungua kichwa cha injini. Inafaa kubadilishwa kila kilomita 90,000 hadi 100,000, na hatujui hii iko wapi. Nilimwambia wazi, zile 35,000 ulizokuwa karibu kutoa kwa kompyuta, toa robo yake ununue belti na teneta yake ya kuikaza, na hiyo kazi usinipe mimi, tafuta fundi wa injini anayeweka alama kabla ya kufungua na ukae hapo ukiangalia. Amekubali. Belti tayari iko kwa nyumba, tumengoja penseni iingie ya teneta na kazi, na hadi hapo amesema haendi mbali, ni Jumanne tu kwenda na kurudi.